Si Bure, Ni Huria

Hajafa. Niseme hilo mapema, maana kwetu Songea ukianza kumsimulia mtu kwa “alikuwa”, wasikilizaji wanakukatiza kuuliza matanga yako wapi. Mwalimu yuko hai, yuko kwake Mshangano, asubuhi jua likishapanda anatolewa kibarazani na kufunikwa blanketi magotini. Ila mimi nikimfikiria namfikiria kwa “alikuwa”, na hilo ndilo linaloniuma.

Kiharusi kilimpata wakati wa kuvuna mahindi. Kilichukua mkono na mguu wa kulia, kikachukua na maneno. Mguu umerudi kidogo kidogo, sasa anafika mpaka getini kwa fimbo. Maneno hayajarudi, au yanakuja yale asiyoyaita. Akitaka maji anasema “barabara”, halafu anajisikia, anakunja uso, anajaribu tena na kusema “barabara”. Na ndani ya kompyuta yake kuna kazi aliyoifanya kwa miaka mingi, mafunzo kamili ya kuandika programu kwa Kiswahili, kuanzia kuwasha mashine mpaka kumaliza mfumo mzima, ambayo hakuna mtu mwingine aliyewahi kuisoma. Ameifunga kwa neno la siri. Neno hilo lipo kichwani mwake pamoja na mengine yaliyokwama.

Sitaanza na alikozaliwa wala ukoo wake. Hakuwahi kutuambia zaidi ya kwamba alikulia kwenye tumbaku kule Namtumbo, na kwamba moshi wa bani la kukaushia ulimtosha maisha yake yote. Nilipomjua alikuwa ameshaacha kufundisha fizikia sekondari, amegeuza chumba cha mbele cha nyumba yake kuwa darasa la kompyuta. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nipo nyumbani nasubiri matokeo na kugombana na mama. Mama ndiye aliyenipeleka, ili apumue. Leo nina steshenari yangu Majengo, na pembeni nawatengenezea watu mifumo ya maduka na shule. Kila nijualo katika kazi hiyo lilianzia kwenye chumba kile.

Ukitaka kumuudhi Mwalimu, ungetumia neno moja tu: bure.

Ubishi wake na neno hilo ulianza kabla yetu. Alipofungua darasa aliandika ubao mwenyewe, kwa rangi ya bluu iliyobaki kwenye madirisha: MAFUNZO YA KOMPYUTA BURE. Akaketi ndani kungoja. Hakuja mtu. Aliyemfumbua macho ni jirani yake muuza mkaa. “Mwalimu, usinichukie,” akamwambia. “Mtu akipita pale anaona umekiri mwenyewe kwamba mafunzo yako ni bure. Mtu bure, maneno bure, kazi bure. Sasa nani amlete mtoto wake kwenye kitu bure?” Mwalimu akacheka, halafu akanuna, halafu akachukua brashi. BURE likafutwa, likaandikwa HURIA. Wiki hiyohiyo akaja mfanyabiashara wa mahindi kuulizia bei ya gunia, kwa sababu huria pekee aliyoisikia maishani ni ya soko huria.

Lakini watoto wakaanza kuja. Naye kila lilipoingia kundi jipya alilifafanua neno lile kwa utulivu, amesimama mlangoni na sweta lake la kahawia ambalo hakulivua hata Novemba. “Bure ni habari ya mfukoni,” alisema. “Huria ni habari ya mtu mwenyewe. Programu huria unaifungua, unaona ilivyoandikwa, unaigeuza ikufae, unampa mwenzako. Kama huwezi kuyafanya hayo, hata ukipewa bila kulipa bado umefungwa. Waingereza wana neno moja, “free”, kwa yote mawili, ndiyo maana wanabishana mpaka leo. Sisi tuna mawili. Tusiyachanganye.”

Basi tukiteleza tu alikuwa amesharuka. “Si bure, ni huria.” Hata mtu alipokuwa hazungumzii kompyuta kabisa.

“Mwalimu, nilikuwa nasema ndizi. Shangazi kanipa ndizi za bure.”

“Ndizi sawa. Endelea.”

Chumba chenyewe kilikuwa na mashine kuukuu zilizotupwa na maofisi ya mjini, nyingine hazina kifuniko, moja unaiwasha kwa bisibisi. Mwalimu alizifufua kwa Linux, mfumo huria usiohitaji mashine yenye nguvu, na mashine ambayo ofisini ilikuwa inachukua muda wa kunywa chai kuamka, kwake ilisimama wima kabla hujavuta kiti. Sipendi watu wanaomtukuza mtu kupita kiasi, kwa hiyo niseme pia kwamba nyingine zilimshinda, na aliendelea kuzihangaikia kwa ukaidi wa kuudhi wakati sisi tumekaa wawili wawili kwenye kibodi moja.

Pembeni ya meza yake, juu ya kitambaa alichofuma mkewe, kulikuwa na diski ya nje aliyoiita Ghala. Intaneti ilikuwa ghali na ya kusuasua, na Mwalimu aliona aibu kwamba mtu wa Songea ashindwe kujifunza kwa sababu ya bando. Kila alipokwenda Dar kumuona mwanawe alirudi na Ghala limejaa: Python, lugha ya kuandikia programu, na vitabu vyake, programu za kuandikia barua na kuchora, masomo ya hesabu, kamusi, ensaiklopidia nzima unayoweza kuisoma bila mtandao. Yeyote alikuja na flashi yake kuchota. Walichota walimu wa Matogoro, katibu wa parokia, vijana wa msikitini kwake, hata askari mmoja aliyedai anataka tu programu ya kuchezea drafti. Sharti lilikuwa moja, usichote ukafiche. “Ukitoka hapa na wewe umekuwa ghala,” alisema.

Katika darasa lake neno la kwanza kujifunza halikuwa la kompyuta. Lilikuwa “soma”. Ulimwita ukiwa umepaniki, programu yako imekufa, kioo kimejaa maandishi mekundu, naye akaja polepole, mikono mgongoni, na kuuliza: “Kosa linasemaje?”

“Sijui, Mwalimu. Imegoma.”

“Sikuuliza kama imegoma. Kosa linasemaje?”

Na ukisoma kwa sauti, ukitafsiri mwenyewe neno kwa neno, mara nyingi unakuta limekuambia mpaka mstari. “Haikutukani,” alikuwa akisema huku ameshageuka kuondoka. “Inakueleza. Ninyi mmezoea kutukanwa.” Sijui ni wangapi tulilia kwa sentensi hiyo, maana wengi wetu ni kweli tulitoka kwenye madarasa ya viboko na matusi. Yeye hakuwahi kumpiga mtu. Alikuwa na ukali mwingine, wa kukuacha na kosa lako mpaka uelewane nalo.

Alitufundisha pia Git, ile programu ya kutunza kila hatua ya kazi yako ili ukiharibu urudi nyuma, na wenzako wakifanya yao muunganishe. Hapo alikuwa hana simile. Kila ukitunza hatua lazima uandike umefanya nini na kwa nini. “Andika kama anayesoma ni mama yako na hajui ulikuwa wapi,” alisisitiza. Na usisubiri ikamilike. Hilo alilisema mpaka tukamuiga sauti nyuma ya mgongo wake: “Toa ikiwa mbichi! Toa watu waone! Aliyeficha mpaka ikamilike hataikamilisha.” Tulikuwa tunacheka. Namkumbuka mwenyewe akicheka siku aliyotufuma tukimuiga.

Maneno ndiyo yaliyokuwa ugonjwa wake. Aliamini kwamba mtoto wa kwetu haelewi programu kwa sababu tunamlazimisha aifikirie kwa lugha anayoiogopa. Akawa anatafuta Kiswahili cha kila kitu, anakijaribu kwetu, anakitupa, anatafuta kingine. Kwa ule utaratibu wa kuiamuru kompyuta irudie jambo lilelile mpaka sharti litimie, kamusi zilimpa “kitanzi”. Akatufundisha kitanzi. Kesho yake asubuhi akaja mama wa mwenzetu mmoja kutoka Matogoro, kwa miguu, kanga kajifunga kama anayekwenda msibani.

“Shikamoo, Mwalimu.”

“Marahaba, mama. Karibu ndani.”

“Sikai. Mwanangu karudi jana namuuliza leo mmesoma nini, ananiambia kitanzi. Namuuliza kitanzi cha nini, ananiambia unakiweka, kinarudia rudia, mpaka kiishe. Halafu kaingia chumbani kajifungia. Mwalimu, mtoto wangu ana shida gani hamniambii?”

Hakucheka. Sisi ndio tuliojiziba midomo. Yeye alivuta kiti, akamkalisha yule mama, akaagiza chai, akamwita mtoto aandike programu mbele yake ya kuhesabu magunia, aone mwenyewe inavyozunguka. Alimwomba radhi mara mbili. Yule mama alipoondoka, Mwalimu akatugeukia na kusema neno lile limekufa leo, kuanzia sasa ni mzunguko. Akatumia siku nzima kulifuta kwenye masomo yote.

Kwa kigeu alitushinda. Hicho ni kile chombo cha kuwekea thamani ndani ya programu, inayoweza kubadilika, na sisi tulimwambia jina hilo ni la kuchekesha kwa sababu kigeugeu ni mtu asiyeaminika. “Vizuri kabisa,” akasema. “Na hiki msikiamini mpaka mfungue muone kina nini.” Tawi, ile nakala ya pembeni unayoifungua kwenye Git ili ujaribu jambo bila kuharibu kazi kuu, nalo lilileta kisa chake. Mwenzetu mmoja alimwambia babu yake kwa fahari kwamba leo amefungua tawi. Babu akaweka kikombe chini na kumuuliza la chama gani.

Kulikuwa na programu moja aliyoipenda, ya kufunga mafaili yasisomwe na mtu asiye na neno la siri. Iliandikwa na watu wa mbali asiowajua, na kwa kuwa ilikuwa huria aliamua kuitafsiri. Alikaa nayo msimu mzima wa mvua. Pale ambapo programu ilikuwa inakuambia kwa Kiingereza, kwa ukavu, kwamba umekosea neno la siri, yeye aliandika: “Neno silo. Tulia, jaribu tena.” Akawatumia wenyewe tafsiri, wakaipokea, na toleo lililofuata lilitoka na Kiswahili ndani yake. Siku hiyo alitununulia soda darasa zima na kutulazimisha kukosea makusudi mmoja mmoja ili tuyaone maneno yake yakitokea. Sijawahi kumuona amefurahi kama siku ile.

Alikuwa na mambo yake yasiyokaa pamoja. Alituhubiria kuhusu programu za wizi, zile za kuvunjwa kufuli, akasema kutumia programu ya kuiba wakati huria zipo ni kuwa na shamba lako mwenyewe ukaenda kuiba mahindi kwa jirani. Kumbe jioni alikuwa anakaa na mkewe kutazama filamu zilizotafsiriwa za kwenye flashi, ambazo sidhani kama kuna mtu aliwahi kuzilipia popote. Nilipomtania alisema ile si programu, ile ni ndoa. Alitufundisha subira, lakini akipanda bodaboda alimhimiza dereva mpaka tukaogopa kuongozana naye. Alisema kila mtu anaweza kujifunza, halafu akiingia mtu mwenye suti alikuwa mgumu, anajibu kwa neno moja, mpaka suti iondoke.

Lakini hayo ni madogo. La kubwa ni hili la Kazi.

Masomo yake ya mwanzo, yale ya kitanzi na mzunguko, aliyaweka Ghalani kama kila kitu kingine. Juu ya ukurasa wa kwanza aliandika leseni: nakili, badilisha, gawa, hata uza, ila acha jina la aliyeandika. Baada ya muda, mmoja wa waliosoma kwake, aliyehamia mji mwingine, akayachukua yote, akabadilisha rangi, akafuta jina, akaweka la kwake, akawa anayauza kwenye flashi. Yalirudi Songea hivyo. Mimi ndiye niliyeyaona kwanza, kwenye kibanda cha kuuza vifaa vya simu karibu na stendi, na picha ya yule jamaa juu yake amekunja mikono kifuani. Mpaka mfano wa magunia aliomwonyesha mama wa Matogoro ulikuwa mle.

Nilimpelekea nikidhani atawaka. Akaitazama ile picha, akacheka kidogo. “Kuuza ameruhusiwa,” akasema. “Leseni imesema.”

“Na jina, Mwalimu?”

“Jina si kitu. Wanafunzi watajifunza. Hilo ndilo tulilolitaka.”

Alisema hivyo kwa wote waliomuuliza, na aliowaambia walimsifu kwa moyo mpana. Mkewe ndiye aliyeniambia baadaye kwamba siku hiyo hakula. Mkewe ni mwenyeji wa Nalasi, Tunduru, mtu wa maneno machache na korosho nyingi, na tulimwita Mama tu. “Alikaa uani,” Mama akaniambia, “anaangalia kuku. Nikamuuliza, una nini? Akasema, wamenifuta. Hilo tu. Wamenifuta.”

Ndipo akaanza kuandika upya. Si kurekebisha, kuandika upya yote, makubwa zaidi, yenye mazoezi na majibu na kamusi ya kila neno na sababu ya kulichagua. Tuliiita Kazi kwa sababu yeye aliiita hivyo: “Nina kazi.” Tulijua ipo kwa kuwa alikuwa akitusomea kipande kimoja kimoja, akitazama nyuso zetu, kisha anafunga. Vipande hivyo vilikuwa vizuri mno. Niliwahi kumsikia akieleza kwa nini kompyuta inahesabu kuanzia sifuri, kwa mfano wa mtu aliyesimama mlangoni kwake ambaye bado hajapiga hatua, na mpaka leo nikiwafundisha watu naelezea hivyo. Lakini hakumpa mtu nakala. Haikuingia Ghalani. Aliifungia kwa programu ileile aliyoitafsiri mwenyewe, na kila nakala ya akiba aliyoiweka ilikuwa imefungwa vilevile.

“Unatoa lini, Mwalimu?”

“Inshallah, ikikaa sawa.”

“Si ulituambia tutoe ikiwa mbichi?”

“Ninyi ndiyo. Mbichi zenu zinasameheka.”

Nilimwambia zaidi ya mara moja, na si kwa upole, mimi si mpole. Nilimwambia anafanya yaleyale anayoyapinga. Kwamba amefungwa na mtu asiyemfikiria hata kidogo, aliyeko mbali huko anauza flashi zake. Alinisikiliza, akanyoosha sweta. Alisema safari hii wakiipokea iwe imekamilika kiasi kwamba hakuna atakayeweza kuifuta sehemu yake bila kuonekana. Mtu wa akili zake, na akaamini kuna kazi ya namna hiyo. Inshallah ilikuja ikapita, mvua zikaja zikapita, watoto tuliosoma nao wakawa na watoto. Yeye bado alikuwa anabadilisha neno moja la sura ya pili.

Nilimuuliza Mama kama hawezi kumshawishi. Alikuwa anapepeta mchele. “Mimi sijui kompyuta,” akasema. “Ila naona akiifungua anakuwa kijana, na akiwaza kuwapa watu anazeeka. Nichague nini?”

Alipopata kiharusi alikuwa shambani, amesimama kati ya mahindi yaliyokauka, na waliokuwa naye walidhani ameinama kuokota kitu. Alilazwa, akarudi nyumbani, na jambo la kwanza alilolionyesha kwa mkono wa kushoto lilikuwa kompyuta. Mama alimwekea mapajani. Akaiwasha. Akafika pale palipotaka neno la siri, akakaa anapatazama mpaka betri ikaisha. Kesho yake akaionyesha tena.

Vijana wa chuo walikuja, wakajaribu ujanja wao, wakashindwa. Mimi nilijua watashindwa. Chanzo cha programu ile, yaani maandishi yake yenyewe, kiko wazi, alitufundisha kukisoma, na hakuna mlango wa uani. Watu walioiandika walikuwa waaminifu na wajuzi, na yeye ndiye aliyetuambia kwamba huo ndio uzuri wake. Wengine wetu tulijaribu kukusanya vipande tulivyovisikia akisoma. Tulipoviweka pamoja vilikuwa sauti zetu wenyewe, tunambahatisha, na sehemu kubwa haikuwepo. Niliacha kwa uchungu.

Mama akanipigia simu. “Mwanangu, wewe ndiye uliyekuwa unabishana naye,” akasema. “Njoo. Labda kwako litatoka.”

Nilikwenda Jumamosi asubuhi. Alikuwa kibarazani, sweta lilelile, mkono wa kulia umelazwa juu ya blanketi. Nikamwamkia. Aliitikia kwa kichwa, macho yakaniangalia vizuri sana, macho yake hayakubadilika hata kidogo. Mama akaleta chai na korosho, akaiweka kompyuta juu ya meza ndogo, waya umepitishwa dirishani. Nikavuta kiti upande wake wa kushoto.

“Mwalimu, tujaribu pamoja,” nikamwambia. “Unasema, mimi naandika.”

Alikaza uso. Mdomo ulitafuta. “Mvua,” akasema.

Nikaandika mvua. Kwenye kioo yakatokea maneno: Neno silo. Tulia, jaribu tena.

Niliyasoma kwa sauti, maana ndivyo alivyotufundisha. Akayatambua. Niliona uso unafunguka, akanyoosha kidole cha kushoto kwenye kioo, kisha akajigusa kifuani. Haya ni yangu. “Ndiyo, Mwalimu, ni yako,” nikasema. “Tulikunywa soda.” Alicheka, na Mama akacheka, na kwa muda mfupi tulikuwa kama zamani.

Tukaendelea. Alisema barabara, alisema kuku, alisema jina la mwanawe. Nilijaribu niliyoyawaza mwenyewe: mzunguko, kitanzi, Namtumbo, Nalasi, jina la Mama. Nilijaribu yakiwa yameunganishwa na yakiwa yameachana. Kila mara ilinijibu kwa sauti yake, kwa adabu ileile, kwamba silo, nitulie. Nikaanza kuichukia sentensi ile. Nikamuuliza kama ni neno moja, akatikisa kichwa. Kama ni maneno mengi, akatikisa vilevile. Kama analijua, akafumba macho na kugonga paji la uso kwa kidole, ngo, ngo, pale linapokaa.

Jua likahamia ukutani. Alikuwa amechoka, na mimi nilikuwa nimechoka zaidi ya nilivyotaka aone. Akanyoosha mkono wa kushoto, akaukamata mfuniko wa kompyuta, akaufunga taratibu mpaka ukalia. Kisha akasema, wazi kabisa, kwa sauti niliyoizoea darasani:

“Bure.”

Mama akashtuka kwa matumaini. “Ndilo hilo! Mwanangu, liandike.”

Nikafungua, nikaliandika, ingawa nilijua. Neno silo. Tulia, jaribu tena. Mama akakaa chini.

Nikamgeukia. Sikuwa na kitu kingine cha kumpa, nikampa alichonipa yeye. “Si bure, Mwalimu,” nikasema. “Ni huria.”

Alinitazama. Hakukasirika. Alionekana ananihurumia, kama alivyokuwa akimtazama mwanafunzi aliyesoma kosa na bado hajaelewa. Akaweka kiganja cha kushoto juu ya kompyuta, akaupanga mdomo, na safari hii maneno yakaja mawili, yote ya kwake, yote mahali pake.

“Kazi bure,” akasema.

Nilimwelewa. Sikumsahihisha.